Kuhamisha Rangi Kati ya Picha Mbili: Pima Hapa, Paka Pale

Kila baada ya msimu wa harusi naletewa picha ile ile, watu tu ndio tofauti. Bwana na bibi harusi wamesimama kwenye majani, shela imenyooka, tabasamu lipo, ila nyuso zina rangi ya tofali. Chini yake ujumbe: "Kaka, nimefuata maelekezo yote. Nimechukua picha nzuri ya machweo ya baharini iwe mfano, nikabofya, imetoka hivi. Nimekosea wapi?"

Amekosea kwenye kupima. Programu imepima majani na bahari, kisha jibu lake ikalipaka usoni. Ukiweza kutenganisha maswali mawili, yaani rangi inapimwa wapi na inapakwa wapi, kazi hii haitakusumbua tena.

Humu nitatumia majina mawili. Picha ya mfano ni ile yenye rangi unayoitaka. Picha mgonjwa ni ile inayotibiwa.

## Vitu vya kuandaa

- Picha ya mfano na picha mgonjwa, ikiwezekana faili za RAW (data ghafi ya kamera) au JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Usitumie picha iliyopita WhatsApp, kwa sababu imeshaminywa na rangi za karibu zimeshaungana.
- Photoshop yenye amri ya Match Color, inayohamisha rangi za picha moja kwenda nyingine. Kama huna, GIMP, programu ya bure, inatosha, na hatua ya 6 ni ya kwako.
- Skrini ambayo mwanga wake haubadilikibadiliki. Zima kichujio cha usiku kinachoifanya kompyuta iwe ya njano jioni. Nimewahi kurekebisha picha sitini huku kimewashwa, na asubuhi zote zilikuwa za bluu.
- Ndani ya kila picha, kitu kimoja ambacho unajua kwamba ni cheupe au cha kijivu: kanzu, kitambaa cha meza, karatasi ya ratiba.
- Jicho lililopumzika. Mtu aliyekodolea rangi ya machungwa kwa saa mbili huiona ya machungwa kuwa nyeupe.

## Kwa nini uso uligeuka tofali

Njia ya jumla, yaani ile inayopaka picha nzima kwa dozi moja, inafanya hesabu fupi sana. Inachukua picha yote ya mfano na kutafuta mambo mawili: wastani wa rangi, na jinsi rangi zilivyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Inafanya vivyo hivyo kwa picha mgonjwa. Kisha kila pikseli ya mgonjwa inasogezwa ili wastani na mtawanyiko wake vilingane na vya mfano:

*rangi mpya = (rangi ya sasa − wastani wa mgonjwa) × (mtawanyiko wa mfano ÷ mtawanyiko wa mgonjwa) + wastani wa mfano*

Nitapima kwa mfumo wa Lab, kwa sababu unatenga mwanga na rangi. L ni mwangaza. Namba ya *a* ikiwa hasi ni kijani, ikiwa chanya ni wekundu. Namba ya *b* ikiwa hasi ni bluu, ikiwa chanya ni njano. Zote mbili zikiwa karibu na 0, hapo hakuna rangi, ni kijivu au nyeupe.

Sasa tuseme picha mgonjwa imejaa majani. Wastani wake wa *a* ni −14 na mtawanyiko 12. Picha ya machweo ina wastani wa 6 na mtawanyiko 8. Uso wa bibi harusi kwenye picha mgonjwa una *a* ya 14, ngozi nzuri ya kahawia isiyo na tatizo lolote.

Piga hesabu: 14 toa −14 ni 28. Zidisha kwa 8, gawanya kwa 12, unapata karibu 19. Ongeza 6, inakuwa 25. Uso umeruka kutoka 14 hadi 25 kwenye wekundu, na hilo ndilo tofali lenyewe. Majani nayo, yaliyokuwa −20, yanaishia kwenye 2: yamekauka kama ya Dodoma mwezi wa Septemba.

Angalia nani kasababisha. Uso haukuwa na ubaya wowote. Majani yaliuvuta wastani kwenye kijani, programu ikadhani picha nzima inaumwa kijani, ikamnywesha kila mtu dawa ya wekundu.

Walioandika hesabu hii mwaka 2001, Erik Reinhard na wenzake, waliliona tatizo hili mapema na wakapendekeza kuchukua vipande vinavyofanana kutoka kila picha badala ya picha nzima. Watu wengi walibeba fomula, vipande wakaviacha.

## Hatua ya 1: Weka picha zote kwenye hali moja

Fungua picha zote mbili. Kwenye Image > Mode hakikisha zote ni RGB, maana Match Color haifanyi kazi kwenye CMYK, mfumo wa rangi za uchapaji. Papo hapo zigeuze ziwe biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8.

Sababu: hesabu ile ya juu inanyoosha rangi. Ukiinyoosha anga kwenye biti 8, nafasi kati ya bluu moja na nyingine zinaonekana kama michirizi. Biti 16 hazirudishi kilichokwisha kupotea kwenye JPEG, ila zinazuia hasara mpya.

Angalia pia profaili ya rangi, inayosema kila namba inamaanisha rangi gani. Ikiwa moja ni sRGB na nyingine Adobe RGB, ibadili mojawapo kwa Edit > Convert to Profile. Usitumie Assign Profile. Hiyo inabadili maana ya namba bila kuzigusa namba zenyewe, na utaanza kutibu ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe.

Mwisho, nakili leya (tabaka la picha) ya chini kwa Ctrl+J. Match Color inaandika juu ya pikseli zenyewe na haina leya ya marekebisho ya kurudi nyuma kesho. Leya ya chini kabisa usiiguse mpaka mteja amelipa.

*Umefaulu ikiwa:* vichwa vya faili zote mbili vinaonyesha RGB/16, profaili ni moja, na kila picha ina leya mbili.

## Hatua ya 2: Tafuta ugonjwa kabla ya dawa

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Jiulize: kilichoharibu rangi kimeipiga picha yote sawasawa, au kila sehemu imepigwa kivyake?

Kamera mbili tofauti, au kamera moja iliyowekwa mizani ya weupe (white balance) vibaya, huharibu fremu yote kwa kiasi kimoja. Huo ni ugonjwa wa mwili mzima, na njia ya jumla inatosha.

Lakini bibi harusi akikaa karibu na dirisha na bwana harusi akikaa chini ya balbu ya njano, kila mmoja ana mwanga wake. Mtu aliye chini ya mwembe anapokea kijani kinachorudi kutoka kwenye majani, huku aliyetoka hatua mbili nje ya kivuli anapigwa na jua. Hapo hakuna dozi moja itakayowafaa wote wawili. Unahitaji njia ya sehemu.

Usikisie. Pima hivi:

1. Chukua Color Sampler Tool, na juu weka Sample Size iwe 11 by 11 Average. Ukipima pikseli moja utapima chenga, yaani vinukta vya ovyo vya kamera.
2. Kwenye paneli ya Info badili namba zisomeke kwa Lab.
3. Bofya kitu cheupe upande mmoja wa picha, kisha kitu cheupe upande mwingine. Epuka sehemu iliyoungua kwa mwanga, kwa sababu pale rangi imeshakufa na namba zitakudanganya.

Mfano kutoka ukumbini: shela karibu na dirisha inasoma *a* 1, *b* −9, na kanzu chini ya balbu inasoma *a* 5, *b* 17. Shela inaegemea bluu, kanzu inaegemea njano. Ukiivuta picha yote kuelekea bluu ili kuiponya kanzu, shela itakuwa ya barafu. Hii ni kazi ya sehemu.

Kama shela ingesoma *b* 14 na kanzu 17, zote zinaumwa njano. Tibu kwa jumla, umalize, ukanywe chai.

Onyo la taa za ukumbini. Taa za zambarau za LED ambazo madj wanazipenda mara nyingi zinatoa nyekundu na bluu tu. Kijani hakikufika kwenye kamera kabisa. Hakuna njia ya kuhamisha rangi itakayorudisha kitu ambacho hakikurekodiwa. Picha hizo zigeuze nyeusi na nyeupe, au ziache zambarau kama zilivyo, watu walikuwa wanacheza, wataelewa.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kusema kwa sentensi moja ni nini kimeharibu rangi, na kama kimeharibu kila mahali kwa kiasi kimoja.

## Hatua ya 3: Chagua mfano unaofanana na mgonjwa

Picha ya mfano isiwe ile nzuri kuliko zote. Iwe ile iliyo nzuri na ina vitu vile vile: mtu yule yule, nguo ile ile, ikiwezekana mahali pale pale.

Ukitaka kuponya ngozi, ngozi ya mfano iwe ya mtu huyo huyo. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likifanywa vibaya mara nyingi: mtu anapakua picha ya mwanamitindo mweupe mtandaoni na kuhamisha ngozi yake kwa bibi harusi mweusi tititi, kisha anaita hiyo marekebisho ya rangi. Hapo hujarekebisha kitu. Umembadili mtu, na familia yake itaona kabla yako.

Kwa picha ya kundi, tafuta mtu mmoja aliyemo kwenye picha zote mbili, ndiye apimwe. Kama hayupo, pima nguo: suti za kijivu za wapambe, kitambaa cheupe. Usichukue nyuso kumi na mbili zenye weusi na wekundu tofauti ukazivuta zote kwenye wastani mmoja, watatoka kama ndugu wa tumbo moja.

Na kama picha mgonjwa ina kitu kisichokuwepo kwenye mfano, kwa mfano mgonjwa ana anga na mfano ulipigwa ndani, anga usiihamishie chochote. Kisicho na mwenzake kiachwe.

*Umefaulu ikiwa:* kila eneo unalotaka kuligusa kwenye picha mgonjwa lina mwenzake kwenye mfano, na maeneo yaliyobaki umeamua kuyaacha.

## Hatua ya 4: Njia ya jumla, lakini pima usoni

Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa picha nyingi zaidi, na ndiyo isiyojulikana. Unapima kwenye uso tu, kisha unapaka picha nzima. Majani na bahari hayapati nafasi ya kupiga kura.

1. Kwenye picha ya mfano, chukua Lasso na uzungushe paji la uso na mashavu. Acha midomo, macho, nywele na sehemu zinazong'aa jasho. Ukiingiza nywele, mtawanyiko wa mwanga unakuwa mkubwa, na uso wa mgonjwa utanyooshwa mpaka ukakamae.
2. Fanya hivyo hivyo kwenye picha mgonjwa, sehemu zile zile za uso. Kingo ziwe kali, Feather (ulaini wa ukingo) iwe 0. Hapa unapima tu, hupaki.
3. Ukiwa kwenye leya ya nakala ya mgonjwa, fungua Image > Adjustments > Match Color.
4. Kwenye Source chagua faili la mfano, na Layer iwe ile yenye rangi unayoitaka.
5. Tia tiki Use Selection in Source to Calculate Colors, na pia Use Selection in Target to Calculate Adjustment. Hizi mbili ndizo zinazosema pima wapi.
6. Juu, tia tiki Ignore Selection when Applying Adjustment. Hii ndiyo inayosema paka wapi: kila mahali.
7. Neutralize iache bila tiki. Hiyo inatafuta weupe kwa akili yake yenyewe, na itagombana na mfano uliouchagua.
8. Sogeza kitelezi cha Fade mpaka 20 au 30. Kikiwa 0 dawa ni kamili. Mara nyingi dozi kamili inaonekana kama imelazimishwa.
9. Bofya OK, kisha badili hali ya leya kutoka Normal kwenda Color.

Namba 9 inahitaji maelezo. Match Color haihamishi rangi peke yake, inahamisha na mwanga. Ikiwa uso wa mfano ulipigwa chini ya wingu na wa mgonjwa ulipigwa juani, mwanga wa mfano utabapisha uso wa mgonjwa. Hali ya Color inachukua rangi ya leya ya juu na kuacha mwanga wa leya ya chini. Ukitaka mwanga nao ubadilike, fanya baadaye kwa Curves, kwa mkono, kwa makusudi.

Turudi kwa uso wetu wa tofali. Uso wa mfano una *a* ya 16. Ukipima uso kwa uso, wa mgonjwa unatoka 14 unaenda kwenye 16 hivi, na hauna pa kurukia. Majani nayo yanasogea pointi chache tu badala ya ishirini.

*Umefaulu ikiwa:* ukizima na kuwasha jicho la leya, unaona uso unabadilika kidogo na mazingira yanaufuata bila kugeuka kitu kingine.

## Hatua ya 5: Njia ya sehemu

Tumia hii pale tu hatua ya 2 ilipokuambia mwanga ni wa aina mbili au zaidi. Inachukua muda, na ina mahali pengi pa kuharibu.

Anza kwa kugawa picha mgonjwa katika maeneo ya mwanga. Kosa la kawaida ni kugawa kwa vitu: hapa uso, hapa gauni, hapa ukuta. Lakini uso na gauni vilivyo karibu na dirisha vina ugonjwa mmoja. Ukivitenga, shingo na kola vitagombana. Maeneo mawili yanatosha kwa picha nyingi, matatu ni mengi, na ukifika matano simama ujiulize kama picha hiyo inastahili.

Kwa kila eneo:

1. Nakili tena leya ya chini kabisa kwa Ctrl+J. Ipe jina: dirishani, balbuni. Baada ya nusu saa utajishukuru.
2. Pima kama hatua ya 4, ngozi kwa ngozi au nyeupe kwa nyeupe, ndani ya eneo hilo peke yake.
3. Acha Ignore Selection ikiwa na tiki, ili leya yote ipakwe. Ndiyo, yote. Eneo la balbu litaharibika kwenye leya ya dirishani, na hilo halitudhuru.
4. Sasa chagua eneo lote la mwanga huo kwa Lasso au Quick Selection, kisha bofya kitufe cha maski chini ya paneli ya leya. Kilicho nje ya eneo kinafichika.
5. Badili hali ya leya iwe Color.

Kwa nini tusipake moja kwa moja ndani ya uteuzi? Kwa sababu rangi ikishapakwa ndani ya uteuzi, ukingo umeshagandamizwa kwenye pikseli. Ukigundua kesho kwamba mstari unaonekana shavuni, huna pa kurekebishia. Maski unaweza kuipaka upya kwa brashi wakati wowote, rangi ipo tayari chini yake.

Onyo kuhusu kuchagua ngozi kwa rangi. Select > Color Range ina chaguo la Skin Tones. Lenyewe linatafuta rangi, halijui uso. Litachukua mlango wa mninga, udongo mwekundu na ukuta wa tofali, na kwenye ngozi nyeusi iliyo kivulini litaacha nusu ya uso. Litumie kama mwanzo, malizia kwa mkono.

*Umefaulu ikiwa:* ukirudia kipimo cha hatua ya 2, shela na kanzu sasa zinakaribiana. Si lazima ziwe 0. Ukumbi wenye balbu za njano unaruhusiwa kubaki na joto lake.

## Mishono

Njia ya sehemu inafeli kwenye mishono kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bofya maski, kisha fungua paneli ya Properties, utaona kitelezi cha Feather. Hiki hakiharibu kitu, unaweza kukirudisha. Kiasi kinategemea mpaka ulivyo katika dunia halisi. Taya dhidi ya ukuta wa nyuma ni mpaka mkali, pikseli 2 hadi 4 zinatosha kwenye picha ya megapikseli 24. Ukizidisha, rangi ya ngozi inavuja ukutani na mtu anakuwa na duara la nuru kama mtakatifu kwenye kalenda. Mahali mwanga wa dirisha unapokutana na mwanga wa balbu juu ya zulia hakuna mpaka wowote, hapo nenda 150, 200, hata zaidi.

Shida ni kwamba maski moja ina mipaka ya aina zote mbili. Kitelezi kimoja hakitaweza. Weka Feather kwa ajili ya mpaka mkali, halafu chukua brashi laini, kubwa kama kichwa cha mtu, Flow 10, na upake kwa kijivu pale mwanga unapochanganyika. Pita mara nyingi kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu.

Shela ya wavu ndiyo mtihani. Kupitia vitundu vyake unaona ukuta wa nyuma, kwa hiyo kila pikseli ni nusu shela nusu ukuta. Usijaribu kuifuata uzi kwa uzi. Iache shela ya wavu iwe ndani ya eneo la mtu, ukingo wake upotee polepole kuelekea ukutani.

Ili kuona mshono uliofichika, weka juu ya leya zote leya ya Hue/Saturation, pandisha Saturation hadi 60. Picha itakuwa ya kutisha, na kila mshono utapiga kelele. Rekebisha, kisha ifute leya hiyo. Niliwahi kusahau kuifuta. Mama wa bibi harusi akapiga simu kuuliza kwa nini mwanawe kapakwa udongo.

## Hatua ya 6: Kama huna Photoshop

GIMP haina Match Color, ila ina histogramu (chati ya wingi wa kila namba ya rangi) na Curves, na kwa kazi nyingi hivyo viwili vinatosha. Kanuni ni ile ile.

1. Kwenye picha ya mfano, zungushia paji na mashavu. Fungua Windows > Dockable Dialogs > Histogram. Soma Mean (wastani) ya Red, kisha Green, kisha Blue. Ziandike kwenye karatasi.
2. Fanya hivyo kwenye picha mgonjwa.
3. Ukitaka kupaka picha yote, ondoa uteuzi kwa Select > None. Ukitaka sehemu, nakili leya, paka yote, kisha weka maski.
4. Fungua Colors > Curves. Kwa kila chaneli weka nukta moja: Input ni namba ya mgonjwa, Output ni namba ya mfano.

Tuseme mfano ulisoma nyekundu 168, kijani 120, bluu 92, na mgonjwa akasoma 150, 124, 104. Kwenye Red nukta inatoka 150 kwenda 168. Kwenye Green, 124 kwenda 120. Kwenye Blue, 104 kwenda 92. Basi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ncha za Curves, 0 na 255, hazisogei, kwa hiyo nyeusi kabisa na nyeupe kabisa zinabaki mahali pake. Ubaya wake ni kwamba inalinganisha wastani tu, mtawanyiko haiugusi. Kwa ngozi sioni kama ni hasara.

Ukiwa na programu-jalizi ya G'MIC ndani ya GIMP utakuta Transfer Colors, mojawapo ikiwa ya histogramu. Hiyo inalazimisha umbo lote la histogramu lifanane na la mfano. Nzuri kwa mabango na picha za kuchora. Kwa picha za watu inaamsha chenga zilizokuwa zimelala kwenye giza, nami siitumii.

Wanaoandika kwa Python wajihadhari na mambo matatu: OpenCV inasoma picha kwa mpangilio wa BGR, si RGB. Lab yake ya biti 8 imeongezewa 128 kwenye *a* na *b*, kwa hiyo geuza picha kuwa float32 na uigawe kwa 255 kabla ya kuhamia Lab. Na ukikuta eneo la rangi moja tupu, mtawanyiko wake ni 0, utagawanya kwa sifuri.

## Hatua ya 7: Picha mia tatu za sherehe moja

Usirekodi Match Color kama action (amri zinazojirudia zenyewe) ukaiachia folda nzima. Inapima upya kila picha. Fremu ya kwanza ina anga nyingi, ya pili imesogea karibu na uso, basi zitatoka na rangi mbili ingawa zilipigwa sekunde tano mbali. Mteja akifungua albamu ataona nyuso zinabadilika kama taa za barabarani.

Badala yake, zipange picha kwa mahali na mwanga: za mwembeni, za mlangoni, za ukumbini. Chukua moja ya kila kundi, pima kwa hatua ya 6, na uandike matokeo ndani ya Photoshop kama leya ya marekebisho ya Curves. Kisha iburute leya hiyo kwenye picha zote za kundi. Namba zimegandishwa, hazipimwi tena, kwa hiyo picha zote zinapata dozi moja.

Hii inafanya kazi kama kamera haikuwa kwenye mizani ya weupe ya Auto. Kama ilikuwa Auto na una RAW, rudi kwenye RAW kwanza, weka namba moja ya Temperature kwa kundi zima, ndipo uendelee.

## Ukaguzi wa mwisho

Ondoka kwenye kompyuta dakika kumi. Ukirudi, punguza picha ya mfano na mgonjwa ziwe ndogo kama stempu, uziweke pamoja. Kwa udogo huo jicho halidanganywi na tabasamu, linaona rangi tu. Kama moja inaruka, bado.

Pima tena uso kwa Lab. Tofauti ya pointi 2 au 3 kwenye *a* na *b* ni ya kawaida, hakuna atakayeiona. Angalia weupe wa macho na meno: vikiwa vya bluu au vya kijani umezidisha dozi, rudi kwenye Opacity ya leya uipunguze hadi 70. Kuza picha iwe asilimia 100 na utembee kando ya nywele, taya na shela.

Kisha geuza nakala iwe sRGB, biti 8, itume kwenye simu yako mwenyewe, na uifungue nje, juani, kwa sababu huko ndiko mama mkwe atakakoifungulia.